Bomba Lichomwe kwa Chini

Jumatatu, 3 Juni 1968. Timau.

Moshi tena. Nimewasha meko ya sebuleni saa kumi, chai haijachemka nyumba nzima imejaa. Nimefungua madirisha. Baridi imeingia, moshi haukutoka. Zuhura mwanangu amekohoa mpaka akatapika kwenye gauni langu. Gauni la pili wiki hii.

Nyumba hii tuliachiwa na mzungu aliyekuwa meneja wa shamba. Sasa meneja ni Wachira, mume wangu, na ngano ni ya ushirika. Watu wanatuonea kijicho. Waje wakae humu siku moja ya Juni.

Mama yake Wachira alikuwa kwenye kiti chake, shuka limefika puani, ananitazama nikihangaika. Alikuja Pasaka kutoka Wamagana, kwa wiki mbili, ati kumwona mjukuu. Pasaka! "Hii nyumba iko na baridi kuriko kaburi," akasema. "Na wewe hujui kuwasha moto."

Nikainama nikapuliza tena.

Alhamisi, 6 Juni

Mtoto wetu wa kwanza ni msichana, kwa hiyo kwa desturi yao amepewa jina la mama yake Wachira. Nyaguthii. Mimi sikuulizwa. Mimi namwita Zuhura.

Leo nilimwita Zuhura aje kula. Bibi yake akamwita Nyaguthii kutoka chumbani, kwa sauti kubwa kunishinda. Nami nikaongeza. Mtoto akaenda huku, akarudi kule, mwisho akakaa chini katikati ya ukumbi akalia. Tulimwacha alie. Hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kunyamaza.

Namchukia. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kulisema.

Jumamosi, 8 Juni

Wachira amempeleka mtoto kwa dresa wa zahanati ya shamba. Dresa kasema kifua hicho kikiendelea kuvuta moshi kitaharibika. Wachira amerudi na uamuzi tayari. Ama bomba la moshi lisafishwe na meko iwake vizuri, ama Mama aende na mtoto Wamagana mpaka baridi iishe.

Mama alishusha shuka kutoka puani. Ni mara ya kwanza kuona meno yake yote.

Akimchukua sitampata tena. Najua. Baridi itaisha, kutakuwa na mvua. Mvua itaisha, kutakuwa na surua kwa jirani, kutakuwa na shughuli ya kanisa. Atanirudishia msichana asiyejua hata kuniamkia kwa lugha yangu. Afadhali nipande juu ya paa nikalizibue kwa kucha.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata fundi. Anaitwa Sudi, mtu wa Majengo, Nyeri, mtaa niliozaliwa mimi; mama zetu wanajuana. Anajitapa kwamba alisafisha mabomba ya wazungu wote kutoka Nyeri hadi Nanyuki, na hakuna mzungu aliyewahi kumrudisha kazini mara ya pili. Nilimwambia labda ni kwa sababu hawakutaka kumwona tena. Alicheka sana. Nami nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka ndani ya nyumba hii.

Mama alikuwa mlangoni. Alitutazama, kisha akamuuliza Sudi, "Wewe umekuja kuosha bomba ama kuongea?"

Mtu akiwa Mwislamu na anatoka Majengo, kwake ni mwizi. Mwanawe aliponioa mimi kwa D.C., mkuu wa wilaya, bila padri alikaa mwaka mzima bila kukanyaga kwetu. Laiti angeongeza mwingine.

Jumanne, 11 Juni

Wachira ananiuliza kwa nini namsemesha mama yake Kiswahili. Kikuyu nakijua, nimezaliwa Nyeri, nimekisema utoto wangu wote. Lakini yeye hucheka matamshi yangu mbele ya wageni. Wake wa wachungaji wakija, ananiuliza jambo kusudi nijibu, kisha anawageukia. Basi tangu mwezi jana nimekata shauri. Kiswahili tu, tena kilichonyooka, cha nyumbani kwetu. Yeye ndiye ahangaike.

Wachira kasema ni utoto. Na yeye je, mwanaume mzima anayeogopa shuka?

Jumatano, 12 Juni

Sudi ameanza. Amepanda juu ya paa kwa ngazi yake. Paa letu ni la mbao za mtarakwa, zimekauka, zinalia kila akikanyaga. Amefunga matawi kwenye kamba, na jiwe chini yake, anateremsha ndani ya bomba na kupandisha. Masizi yameanguka kwa madebe. Halafu viota. Halafu masega ya nyuki, ya zamani, meusi, hayana asali ila nta tupu. Kasema nyuki wamekaa humo tangu mzungu aondoke, na mengine bado yameganda kwenye kona, pale bomba linapopinda.

Anakunywa chai mno. Anataka maziwa mengi. Anaijua thamani yake, anasema.

Alhamisi, 13 Juni

Sehemu ya juu imekwisha. Imebaki kona. Sudi kasema kamba haifiki vizuri, lazima kitu kipande kutoka chini. Amekata mti mrefu wa mwanzi, akauchonga ncha, akauegemeza kando ya meko. "Kesho Ijumaa, mimi nitaswali Nanyuki. Nyinyi asubuhi chomeni kwa chini kwa huu mti, yale makoko yaanguke. Jumamosi naja kuzoa."

Nimefurahi mpaka nikamwongeza mkate. Jumamosi tutawasha. Jumapili mtu atarudi Wamagana peke yake, bila mtoto, na shuka lake.

Ijumaa, 14 Juni

Nyumba imeungua.

Zuhura mzima. Mimi mzima. Wachira mzima. Mama ameungua mkono.

Jumamosi, 15 Juni

Tumelala ofisini kwa ushirika, juu ya magunia. Naandika ilivyokuwa, kabla hawajaniambia ilivyokuwa.

Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni kumpeleka kwa dresa. Mama alikuwa kitini amevaa kitambaa cheupe cha kanisani, safi kabisa. Ningeweza kusubiri nichome mwenyewe nikirudi. Lakini nilikiangalia kile kitambaa. Nilitaka masizi yamwangukie. Hiyo ndiyo dhamira yangu yote, na si nzuri, lakini ndiyo. Nikamwambia nikiwa tayari mlangoni: "Mama, fundi amesema bomba lichomwe kwa chini kwa ule mti."

Akasema, "Haya."

Nilikuwa natoka zahanati nilipouona moshi. Si moshi wa meko. Mweusi, unapanda wima. Nikakimbia na mtoto mgongoni, kichwa chake kinanigonga. Moto ulikuwa unatoka juu ya bomba kwa sauti kama ya trekta. Nta ile. Kisha mbao za paa. Wafanyakazi wa ngano walijipanga kutoka kisimani na mikebe ya maziwa, wakamwaga, wakamwaga, haikusaidia kitu mpaka paa la sebule lilipoanguka lenyewe.

Sebule imekwisha. Chumba chetu, mimi na Wachira, kimekwisha. Nguo, kitanda, redio, picha ya marehemu baba yangu. Chumba cha Mama hakikuguswa.

Mama alikuwa amekaa kwenye nyasi, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Kumbe aliuchukua mwanzi wa Sudi, akauvunjavunja, akauwasha mekoni pamoja na majani makavu ya mtarakwa. Moto ulipopanda akashtuka, akajaribu kuvuta kuni nje kwa mkono. Wachira alipofika mbio Mama alimwambia jambo moja tu, kwa Kikuyu, mbele ya wafanyakazi wote. Mkeo aliniambia nichome.

Jumapili, 16 Juni

Wachira amerudia swali moja tangu asubuhi. Nilimwambia choma au sikumwambia? Nilimwambia. Sasa?

Nimemweleza. Kwetu kuchoma ni kupenyeza kitu chenye ncha. Mwiba unachoma. Kisu kinachoma. Sudi kaniambia choma, nami nikasema choma. Nani anachoma bomba kwa moto wakati fundi hajamaliza kulisafisha? Wachira alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Si ungemwambia na Kikuyu?"

Hilo linaniuma kuliko nyumba.

Jumatano, 19 Juni

Ndugu watatu wa Wachira wamekuja kutoka Wamagana. Kikao, chini ya paa la ghala la mbegu, wao kwenye viti, mimi kwenye gunia. Waliniuliza kwa upole mwanzoni. Nikaeleza tena mambo ya mwiba na kisu. Mkubwa wao aliwaangalia wenzake.

"Kwani nyama choma ni nyama ya kudungwa?"

Walicheka. Hata Wachira alikaribia kucheka, nilimwona, akainamisha uso. Nilitaka ardhi inimeze. Kisha hapana, nilitaka iwameze wao.

Nikasema mwiteni Sudi. Ni yeye aliyelitoa neno hilo, na ni yeye aliyeuchonga ule mti. Wamekubali.

Ijumaa, 21 Juni

Sudi alikuja na kofia safi. Hakuniangalia. Ndugu mkubwa akamuuliza: wewe ulisema bomba ichomwe? Nikaona anavyopiga hesabu kichwani. Nyumba ya ushirika, paa zima, na yeye fundi. Akisema ndiyo, wataanza kumuuliza mengine.

"Mimi nilisema nitamaliza mwenyewe Jumamosi," akasema. "Hayo mengine siyajui."

Nikamwita kwa jina. Nikamwita mwana wa Majengo. Nikamtaja mama yake, aliyenibeba nikiwa mdogo. Akasema shemeji zangu wamwie radhi, ana kazi Nanyuki. Akaondoka kwa haraka kuliko mtu aliyewahi kufanya lolote katika shamba hili.

Nyoka. Apande paa lingine, lisimbebe.

Baada yake hawakuchukua muda kuamua. Nirudi kwa mama yangu mpaka paa liezekwe. Mtoto abaki na watu wa jina lake. Wakasema hivyo hivyo, watu wa jina lake, kana kwamba mimi nilimwokota. Wachira hakufungua mdomo. Nilimngoja. Nilimpa nafasi, nikahesabu mbao za ghala. Hakufungua.

Jumapili, 23 Juni

Nimefunga kilichobaki. Fuko moja.

Andika hili vizuri, Zaituni. Andika kabla hujaanza kujiambia hukusikia.

Dresa alikuja asubuhi ofisini kumtibu Mama. Huja kila siku na sindano. Yeye ni mtu wa Kakamega, Kikuyu hajui, kwa hiyo Mama humsemesha Kiswahili. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati nakunja nguo za mtoto. Wachira alikuwa mlangoni anavaa koti, anipeleke barabarani. Dresa akasema, "Lete mkono, mama, nikudunge." Naye Mama akausukuma mkono wake.

"Reo usinichome hapa. Jana umenichoma hapa imefura. Nichome hii ingine."

Nguo zikanitoka mikononi.

Miaka mingi Mama aliuza nduma, yale magimbi, sokoni Nyeri. Wateja wake walikuwa nani kama si mama zetu wa Majengo? Mama zetu waliochomwa sindano, waliochomwa na miiba, waliomchagulia nduma kwa kuzichoma kwa kijiti waone kama zimeoza. Neno langu alilijua. Alilijua nilipolisema, akasema haya, akauvunja mti.

Nadhani alitaka moshi tu. Moshi wa kutosha, mtoto akohoe, fundi aonekane mjinga, waende Wamagana wote wawili Jumapili. Nta hakuijua. Nta ndiyo iliyomzidi.

Nilitoka nyuma ya kabati. Aliniona. Akajua nimesikia, nikajua amejua. Dresa anafunga chupa yake, hana habari. Nikamgeukia Wachira.

Wachira alikuwa ameacha kufunga koti. Mkono ulikuwa kwenye kifungo cha katikati. Alimwangalia mama yake, muda mrefu. Kisha akamaliza kufunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha juu, akasema twende, tutachelewa.

Zuhura aliniita mpaka tulipopita ghala. Alisema mama, kwa Kiswahili.

Jumanne, 25 Juni. Majengo, Nyeri.

Mama yangu amenipokea fuko. Amenipa kitanda. Amefinika chakula.

Jumapili, 30 Juni

Nimemwona Sudi sokoni. Alivuka upande wa pili. Nilimfuata upande wa pili. Nilimtukana mbele ya wauza viazi mpaka sauti ikakauka, matusi ambayo sikujua ninayajua. Alisimama tu ameshika kofia. Mwishoni akasema, "Wewe una mume. Mimi nina ngazi tu." Nilimtemea mate. Nimerudi nyumbani, sijisikii vizuri zaidi.

Alhamisi, 11 Julai

Hakuna habari za mtoto. Nimeota anakohoa. Niliamka nikajikuta mimi ndiye ninayekohoa.

Jumapili, 21 Julai

Wachira amekuja. Amekonda. Ndugu zake wamesharudi makwao, na wake zao hakuna hata mmoja anayekubali kukaa Timau kwenye baridi kumhudumia mgonjwa. Walikuwa hodari wa viti. Mkono wa Mama umepona kwa nje, lakini vidole vimejikunja, havifunguki. Hawezi kujifunga kitambaa. Hawezi kushika kijiko, na wa kushoto haumtii. Analia njaa na sahani iko mbele yake.

Kasema, "Mama anakuulizia."

Nikamuuliza ile asubuhi, na dresa, alisikia? Nilitaka aseme hapana. Ningemsamehe uongo huo.

Akasema alisikia.

Na bado ulifunga koti?

Akasema yule ni mama yake. Nikangoja kuna nini baada ya hapo. Hapakuwa na kitu baada ya hapo. Huyu ndiye mume wangu, basi, na nimemjua leo.

Nimesema nitarudi kwa sharti moja. Mtoto ni wangu, analala kwangu, haendi Wamagana hata kwa mazishi. Amekubali kabla sijamaliza. Angekubali siku ile pia, kama ningekuwa na cha kumbania.

Jumapili, 4 Agosti. Timau.

Paa limeezekwa mabati. Mvua ikinyesha hatusikiani, na hilo limekuwa jema. Bomba la moshi wamelijaza matofali, meko imezibwa, ukuta umepakwa chokaa. Hakuna moto tena ndani. Nyumba ni baridi kila chumba, hata chake.

Zuhura hakohoi. Amelala kitandani kwangu sasa, mguu wake uko juu ya kitabu hiki, naandikia pembeni.

Wachira ameenda kanisani peke yake. Saa tatu nilipika uji wa wimbi, nikampelekea Mama. Nilimketisha, nikamwekea mto mgongoni, nikamfunga kitambaa kichwani, cheupe, nikakinyoosha vizuri. Alisema asante kwa Kiswahili. Nikakaa kando ya kitanda. Uji ulikuwa unatoa mvuke. Nilichota kijiko, nikakileta mdomoni pake. Sikukipuliza.

Alikitazama. Akanitazama mimi. Hakusema ni moto, nami sikumuuliza. Akafungua mdomo. Macho yakamjaa maji, akameza, akafungua tena. Tumemaliza bakuli lote hivyo, kisha nikampangusa kidevu.